Shajara ya mradi: kumpeleka Shangazi Lyon kwenye tamasha la mwanga, Desemba 2024

20 Juni 2024: kuchagua mji

Naanza kuandika leo ili atakayetaka kwenda baadaye asianzie sifuri. Mradi ni huu: kumpeleka Shangazi, mtu mzima mwenye magoti yanayomsumbua, kwenye tamasha la mwanga la majira ya baridi Ulaya, aone vizuri na arudi salama. Kila uamuzi humu umepimwa kwa kigezo hicho. Ukiwa kijana mwenye miguu mizima, ruka unayoona hayakuhusu.

Miji mitatu ilikuwa mezani. Harbin, China, niliiondoa mapema, kwa sababu baridi yake ya Januari hushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri usiku, na siyo ya kumjaribia mzee. Amsterdam ndiyo niliyoipendekeza mimi. Tamasha lao huanza mwishoni mwa Novemba likaendelea hadi katikati ya Januari, hivyo hakuna haja ya kugombania siku, na kazi nyingi za sanaa unaweza kuzitazama ukiwa umekaa kwenye boti mferejini. Kwa magoti, hapo ndipo mahali.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, taa za umeme nimeziona. Mimi nipeleke kule wanakowasha mishumaa madirishani."

Alimaanisha Lyon, Ufaransa. Tarehe 8 Desemba 1852 mji ule ulikuwa uzindue sanamu ya Bikira Maria juu ya kilima cha Fourvière. Uzinduzi ulipangwa Septemba, lakini mto Saône ulifurika na karakana ya mchongaji, Joseph-Hugues Fabisch, ikaingiwa na maji, ndipo sherehe ikasogezwa hadi Desemba. Siku yenyewe dhoruba ikatishia kuharibu kila kitu. Jioni mbingu zilipotulia, wakazi wakatoa mishumaa madirishani wenyewe, nyumba baada ya nyumba. Desturi hiyo haijafa. Tamasha kubwa la siku nne, lenye picha za mwanga kwenye kuta za majengo, limejengwa juu yake tangu 1999.

Basi ni Lyon, na lengo kuu ni usiku wa tarehe 8. Mengine yote ni nyongeza.

11 Julai: tarehe na bajeti

Mwaka huu tamasha ni Alhamisi 5 hadi Jumapili 8 Desemba. Kutazama ni bure, hakuna tiketi, hakuna geti la kulipia. Fedha yote inaishia kwenye nauli, kulala na viza.

Mpango wa kwanza ulikuwa kutua Paris, kulala huko, kisha treni ya kasi ya TGV hadi Lyon, safari ya saa mbili hivi. Ulivunjika mara nilipotazama kalenda. Kanisa kuu la Notre-Dame la Paris, lililoungua Aprili 2019, linafunguliwa upya wikiendi hiyohiyo ya 7 na 8 Desemba. Vyumba vya bei ya kawaida vilikuwa vimeshaanza kupotea, na kumshusha Shangazi na mabegi kwenye mji wenye wageni wa kiserikali na barabara zilizofungwa sikuona faida yake. Tumebadilisha: tunatua Lyon moja kwa moja kwa kuunganisha Istanbul. Nauli imepanda kidogo, euro 840 kila mmoja badala ya 760, ila tumeokoa usiku wa hoteli Paris na tiketi za treni. Ukipiga hesabu yote, njia hii ndiyo nafuu.

Jambo moja nimelikazania kwenye bajeti: kila kinachohifadhiwa kiwe cha kufutika na fedha kurudi. Tamasha hili limewahi kufutwa. Mwaka 2015, baada ya mashambulizi ya Paris ya Novemba, mji uliacha maonyesho yote ukabaki na mishumaa ya madirishani kuwaombolezea waliouawa. Mwaka 2020 likafutwa tena kwa sababu ya korona.

9 Agosti: malazi, jaribio la kwanza

Nimehifadhi fleti Vieux Lyon, mji mkongwe chini ya kilima cha Fourvière, hatua chache kutoka kanisa kuu la Saint-Jean. Kwenye picha ilivutia, na nilifikiri ukaribu utapunguza kutembea.

Baadaye nilipouliza maswali ya kawaida majibu yakabadilisha kila kitu. Fleti iko ghorofa ya tatu na hakuna lifti. Majengo mengi ya sehemu ile ni ya karne nyingi zilizopita, ngazi zake ni za mawe, za mzunguko, zimeliwa na miguu ya watu. Tena mtaa uko ndani ya eneo la ulinzi la tamasha: jioni magari hayaingii, na mabegi hukaguliwa kwenye vizuizi. Teksi ingetuacha mbali, tuburute masanduku juu ya mawe katikati ya umati, kisha ngazi.

Nimefuta. Fedha imerudi yote.

23 Agosti: malazi, jaribio la pili

Safari hii nilifungua ramani ya metro, treni za mjini, kwanza, ndipo nikatafuta chumba. Katikati ya Lyon ni Presqu'île, ulimi wa ardhi kati ya mto Saône upande wa magharibi na mto Rhône upande wa mashariki. Maonyesho makubwa na umati mkubwa viko Presqu'île na Vieux Lyon. Ng'ambo ya mashariki ya Rhône ni mji wa kawaida, barabara pana na tambarare, magari yanapita.

Nimechukua fleti upande huo wa mashariki, karibu na kituo cha Charpennes. Hapo zinakutana laini mbili, A na B: ya A inakwenda moja kwa moja katikati, ya B inapita kituo cha Part-Dieu, ambako tramu ya uwanja wa ndege inaishia baada ya kama nusu saa. Lifti ipo. Bei ni euro 95 kwa usiku wa kawaida na 160 kwa usiku wa tamasha.

Swali la mwisho nililomwandikia mwenye nyumba lilikuwa: "Je, tunaweza kuwasha mishumaa dirishani tarehe 8?" Hoteli nilizouliza kabla zilikataa kwa sababu ya moto, nami nazielewa. Mama huyu alijibu siku hiyohiyo kwamba yeye mwenyewe huwasha kila mwaka, na angetuachia vikombe vya kioo kabatini. Nimechapisha ujumbe wake nikautia kwenye faili.

13 Septemba: viza

Kwa mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Ombi la viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, linaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usisubiri huo mwisho. Muda wa kawaida wa uamuzi ni siku 15, lakini sheria inaruhusu kuurefusha hadi 45. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni mwaka huu, awali ilikuwa 80. Juu yake kuna ada ya kituo kinachopokea maombi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ifikie angalau euro 30,000 na ihusishe matibabu na kurudishwa nyumbani.

Kilichotukwamisha ni ushahidi wa fedha. Ufaransa ina viwango vyake: euro 65 kwa siku ukiwa na uhifadhi wa hoteli, 120 ukiwa huna, na nusu ya 65 ukiwa na mwenyeji aliyethibitishwa na ofisi ya meya wake. Shangazi ni mstaafu. Akaunti yake ina pensheni na mauzo ya mara kwa mara ya duka lake dogo, na taarifa ya benki ilionyesha fedha ikiingia na kutoka bila salio la kutosha. Mpokea maombi aliirudisha faili yake palepale kaunta.

Tulirekebisha hivi. Kwanza, niliandika barua ya kumgharamia, nikaambatisha taarifa yangu ya benki na hati za mshahara. Pili, cheti cha kuzaliwa cha baba yangu pamoja na cha kwangu, kuonyesha kwamba huyu ni dada wa baba. Ofisini neno "shangazi" peke yake halitoshi, wanataka karatasi inayounganisha majina. Tatu, leseni ya duka lake na hati ya nyumba, kuonyesha kwamba ana cha kurudia. Nne, ukurasa mmoja wa ratiba: siku, mahali pa kulala, usafiri. Hii ya nne haikuwa kwenye orodha, ila afisa wa kaunta aliisoma yote kwa makini, akauliza maswali kutoka humo.

Vyeti vilihitaji tafsiri rasmi, na fedha hiyo sikuwa nimeitengea. Euro 60 nyingine.

7 Oktoba: viza zimetoka, nyumba imeyumba

Viza zote mbili zimetoka. Wiki hiyohiyo mwenye fleti aliandika kwamba bomba limepasuka ghorofa ya juu, dari ya chumba kimoja imeharibika, na hana uhakika wa kumaliza matengenezo kabla ya Desemba. Alikuwa muungwana: alirudisha fedha na kutuunganisha na jirani yake wa jengo la pili, mwenye fleti ghorofa ya kwanza, madirisha mawili yanayotazama barabara. Bei imepanda kwa euro 20 kwa usiku. Nimekubali bila kubishana, kwa sababu Oktoba hii vyumba vya wikiendi hiyo vimebaki vichache na vya mbali.

Anwani iliyopo kwenye ombi la viza sasa siyo tunakolala. Nimeiandikia ofisi iliyotoa viza kuwaarifu, na nimechapisha uhifadhi mpya nakala mbili, moja ya kila mmoja wetu, kwa sababu mpakani afisa anaweza kudai kuonyeshwa.

16 Novemba: ratiba rasmi na njia za miguu

Ratiba ya tamasha na ramani yake hutoka Novemba. Saa za maonyesho zinatofautiana kwa siku, zitazameni moja moja. Jua la Lyon tarehe hizi huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo kuna giza la kutosha mapema kuliko mtu anavyodhani.

Nimepanga miguu kabla ya maonyesho. Ni hivi:

Kuingia: laini A hadi kituo cha Foch, kilicho ng'ambo ya mashariki ya Rhône, siyo hadi kituo cha katikati cha Hôtel de Ville. Vituo vya katikati hufungwa kwa saa fulani jioni na treni kupita bila kusimama, na hata vikiwa wazi, ngazi zake hujaa. Kutoka Foch unavuka daraja la Morand kwa miguu, njia tambarare, unatokea kwenye jengo la Opera, na uwanja wa Place des Terreaux uko nyuma yake.

Kutoka: usirudi ulikoingilia. Ukiwa umeshuka hadi uwanja wa Bellecour, vuka daraja la Guillotière kurudi mashariki, panda laini D kituo cha Guillotière, badilisha kituo cha Saxe-Gambetta kuingia laini B hadi Charpennes.

Kwa maneno mengine, Rhône iwe mlango wa kuingilia na wa kutokea. Kama kuna sentensi moja ya kunakili kutoka shajara hii, ninakili hiyo.

25 Novemba: mavazi

Joto la Lyon mwanzoni mwa Desemba huwa nyuzi chache juu ya sifuri, wakati mwingine mvua. Siyo baridi ya kutisha ukitembea. Tatizo ni kusimama, kwa maana onyesho linakusimamisha dakika kadhaa juu ya jiwe na baridi inapanda kutoka kwenye nyayo. Kwa hiyo fedha kubwa tumeitia miguuni: buti za soli nene zisizopitisha maji, namba moja juu ya kawaida ili soksi mbili ziingie, ya ndani nyembamba na ya nje ya sufu. Euro 75 za Shangazi. Makoti tumeazima. Glavu tumenunua zile ambazo vidole vinaweza kugusa simu, na betri ya akiba inakaa mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu simu kwenye baridi hupoteza chaji haraka.

Shangazi amekuwa akitembea kila jioni ndani ya buti hizo ili zilainike. Daktari wake amempa dawa ya maumivu na barua ya maelezo.

5 Desemba, usiku

Asubuhi tulipanda Fourvière kwa treni ya kamba inayoanzia kituo cha Vieux Lyon, wakati watu ni wachache. Shangazi alisali basilikani kwa utulivu, akauona mji wote chini. Nashauri sana kilima kifanywe asubuhi.

Usiku mpango ulikuwa Terreaux kisha kuvuka Saône kwenda Saint-Jean. Nusu ya kwanza ilikwenda kama ilivyoandikwa: Foch, daraja, Opera. Uwanjani watu huingia kwa mlango mmoja na kutokea mwingine, na walinzi hawakuruhusu kurudi nyuma. Kuta za jumba la meya na za makumbusho ya sanaa zilikuwa zikibadilika rangi na umbo kwa kufuata muziki, madirisha yakionekana kuyeyuka na kujijenga upya. Shangazi alinishika mkono kwa nguvu muda wote. Onyesho likiisha huanza tena baada ya muda mfupi, kwa hiyo hakuna sababu ya kusukumana.

Viwili vilifeli. Kiti kidogo cha kukunja, euro 18, hakikufaa kitu. Umati unasimama bega kwa bega, hakuna nafasi ya kukifungua, na kukaa chini ya usawa wa vifua vya watu ni hatari. Pumziko la kweli lilikuwa pembeni mwa Opera, kabla ya kuingia.

Cha pili ni kuvuka Saône. Madaraja ya miguu yalikuwa ya upande mmoja, na tuliyoyalenga yalikuwa ya kurudi. Tungefuata mzunguko ulioelekezwa, ingekuwa zaidi ya kilomita nyingine kwa magoti yale. Tuliacha Saint-Jean tukashuka taratibu hadi Guillotière.

Kanuni mpya: usiku mmoja, upande mmoja wa mto.

6 Desemba

Tulikwenda Vieux Lyon peke yake, tukaingia mapema kabla ya maonyesho kuanza, tukala kwanza. Migahawa ya pale, bouchon wanaiita, hujaa siku hizi, ila wakifungua tu jioni bado kuna meza. Shangazi alikula quenelle, andazi laini la samaki kwenye mchuzi mzito, akaomba mkate wa kufutia sahani. Tulipotoka tukawa miongoni mwa wa kwanza mbele ya Saint-Jean. Saa mbili na nusu tulikuwa kwenye metro kurudi, wakati wengi ndiyo kwanza wanakuja.

7 Desemba

Jumamosi ndiyo siku ya umati mkubwa kuliko zote. Tulipanga kupumzika tangu mwanzo, tukapumzika. Ukiwa na mtu mzima usiwe na huruma na siku hii, iache.

8 Desemba

Mishumaa inayotumika ni mifupi na minene, yenye mifereji ubavuni, na hukaa ndani ya kikombe cha kioo. Huuzwa kwa mifuko madukani. Nilidhani ningeipata siku yenyewe, duka la karibu lilikuwa limeishiwa, na nililazimika kwenda mitaa miwili mbele. Nunueni tangu Alhamisi. Mfuko ulikuwa chini ya euro 5.

Jaribio la kwanza upepo ulizima mshumaa hata kabla kikombe hakijafika dirishani. Jirani wa ng'ambo alituonyesha kwa ishara: weka vikombe vyote kwanza kwenye kingo ya nje, nyuma ya nondo, ndipo uwashe kwa kiberiti kirefu ukiwa umeingiza mkono kikombeni. Tulifunga mapazia kwa kamba yasifikie moto, na ndoo ya maji ikakaa chini ya dirisha. Kufikia saa kumi na mbili barabara yote ilikuwa na madirisha yanayowaka, siyo yote, ila ya kutosha kuona mstari wa jengo kwa mishumaa tu.

Shangazi aliwasha mmoja kwa jina la kila ndugu aliyetangulia, akiwataja kwa sauti. Alipomaliza aliniambia: "Sasa nipeleke nikaone maneno." Alimaanisha MERCI MARIE, yaani "Asante Maria", herufi kubwa za taa zinazowekwa Fourvière. Hazihitaji kupanda kilima, zinaonekana kutoka mbali. Tulizima mishumaa kwanza, kwa sababu nyumba haiachwi na moto bila mtu, kisha tukazitazama kutoka ukingo wa Saône upande wa Bellecour.

Kwa asiyepata dirisha: kuna mishumaa ya hisani, Lumignons du Cœur, inayouzwa mtaani ikawashwa pamoja na ya wengine, na mapato yake hupewa shirika la kusaidia watu. Ingekuwa hoteli, tungefanya hivyo.

14 Desemba: hesabu

Kwa mtu mmoja, kwa euro: nauli ya ndege 840, viza 90 na ada ya kituo 30, tafsiri za vyeti 30, bima 35 (ya Shangazi ilikuwa 58 kwa sababu ya umri), buti 75. Fleti tuligawana, ikawa 475 kila mmoja. Chakula na usafiri wa mjini 260, kwa kuwa asubuhi na mchana tulipika.

Ningefanya tena, ningebadilisha mawili. Fleti ningeitafuta Mei, kabla hata ya kukata tiketi, kwa sababu dirisha lililoruhusiwa mishumaa lilikuwa gumu kupata kuliko viza. Na ningefika Jumanne badala ya Jumatano, ili Shangazi apate siku kamili ya kulala kabla ya Fourvière. Nakala ya barua ya kumgharamia na ule ukurasa wa ratiba nimezihifadhi, nitampa yeyote anayezihitaji.